Mtoto amevunjika mkono: tutulize maumivu yake, tena tuyasikilize



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ngumu, miwani, mikaba ya usalama na viatu vyenye chuma mbele. Leo tunatoka kazini na kuingia lubanza. Miezi ya mvua inapofika, maembe yanaiva Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo, na watoto wanapanda miti. Juu ya tawi hakuna kofia wala mkaba. Mtoto anateleza, ananyoosha mkono mbele ili ajikinge, uzito wa mwili wote unaangukia kiganja, na mfupa unavunjika. Mara nyingi ni mifupa miwili iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 7 mara nyingi ni mfupa wa juu, kidogo tu kupita kiwiko.

Mfupa wa mtoto unaunga upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa sababu hiyo wazazi wengi wanafikiri kazi yote ni kuunga mfupa, na maumivu ni jambo la kuvumilia tu. Somo la leo lina mambo mawili. La kwanza: maumivu ya mtoto aliyevunjika yanaweza kutulizwa, na ni lazima yatulizwe tangu saa ya kwanza. La pili: ikiwa tumempa dawa vizuri na maumivu yanazidi kupanda, basi maumivu hayo yanatuambia kitu, na asiyeyasikiliza anaweza kupoteza mkono wa mtoto wake.

KOSA LA ZAMANI

Usifikiri ni wazazi peke yao waliokosea. Kwa muda mrefu hata wanganga wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, ao kwamba anayasahau upesi. Watoto wachanga walipasuliwa wakipewa dawa kidogo sana ya maumivu. Mwaka 1987 munganga Anand pamoja na wenzake wa Oxford, Uingereza, walitangaza kazi yao juu ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati na kupasuliwa. Wale waliopewa dawa kali ya maumivu walipata matata machache nyuma ya kupasuliwa kuliko wale ambao hawakuipata. Tangu wakati huo fikira za wanganga ziligeuka. Maumivu makali yanadhuru mwili: moyo unapiga mbio, mtoto halali, hali chakula, anakaza misuli, na mfupa unakuwa mgumu kunyoosha.

Kwetu kosa linakuja na maneno mengine. Tunamwambia kijana wa miaka 6: «Nyamaza, wewe ni mwanaume.» Yeye anatusikiliza, kwa kuwa anatuheshimu, na ananyamaza. Lakini mtoto aliyefundishwa kunyamaza hatatuambia tena wakati hatari ya kweli inapofika. Basi tangu leo tumwambie hivi: «Ikiuma, sema. Sitakukasirikia.»

TUSEME NI SIKU YA MUNGU

Tuchukue mfano, ili somo lisibaki maneno matupu. Tuseme ni siku ya Mungu, nyuma ya kanisa. Mtoto wa kilo 20 ameanguka kutoka juu ya mwembe. Mkono wa kuume umepinda pahali pasipo kiungo. Majirani wamejaa lubanza. Mmoja anataka kuuvuta, mwingine analeta maji ya moto ili aukande, wa tatu anasema apelekwe kwa mzee anayechanja na kufunga vijiti. Baba, wewe uliyefundishwa kazini namna ya kusaidia mtu aliyeumia, ufanye nini?

DAWA YA KWANZA SI KIDONGE

Dawa ya kwanza ya mfupa uliovunjika ni kuuzuia usicheze. Kila mara ncha za mfupa zinaposuguana, mtoto anaumia, na nyama za ndani zinachubuka zaidi. Wale waliofanya kazi chini ya udongo, kwa mfano Kipushi, wanajua kwamba mwamba uliopasuka haupigwi wala hausukumwi, kwanza unategemezwa. Na mkono ni vile vile.

Usiuvute. Usiunyooshe. Usiukande, usiuchanje, usiupashe moto. Uuache namna ulivyo. Twaa gazeti hili lenyewe, ulikunje mara mbili, ao twaa kipande cha karatoni ngumu, ukiweke chini ya mkono kama mfereji, ukitanguliza kitambaa laini ndani. Kiwe kirefu cha kutosha kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Funga na vitambaa, lakini si juu ya mahali penyewe palipovunjika, na usikaze: kidole chako kiweze kupita chini ya kitambaa. Kisha twaa kikwembe cha mama, ukifunge shingoni mwa mtoto, mkono upumzike ndani yake. Ikiwa kiwiko chenyewe kimevimba na hakikunjiki, usikilazimishe. Utegemeze mkono kama ulivyo.

Toa upesi pete, saa ao bangili, mbele vidole havijavimba. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya uvimbe kwa dakika 10 ao 15. Barafu isiguse ngozi. Ifungwe ndani ya kitambaa. Ikiwa kuna kidonda na damu, ao mfupa unaonekana, funika na kitambaa safi na ukimbilie hospitali saa hiyo hiyo, hata kama damu imekauka.

Utaona kwamba mtoto anaanza kutulia hata mbele ya kumeza kitu. Hiyo ndiyo kazi ya karatoni na kikwembe.

DAWA INAPIMWA KWA KILO

Kamba ya chuma inayoinua mizigo kazini imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Hakuna kapita anayesema: «Tuweke tu, tutaona.» Lakini nyumbani tunampa mtoto «kijiko kimoja» ao «nusu ya kidonge», bila kujua ni kiasi gani. Dawa ya mtoto inapimwa kwa kilo zake. Jambo hilo si geni kwetu. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, mama walizoea kupeleka watoto kwenye mzani. Basi ujue kilo za kila mtoto wako, na uziandike nyuma ya mlango ao ndani ya kadi yake. Siku ya ajali hutakuwa na wakati wa kutafuta mzani.

Parasetamoli. Kipimo chake ni miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anapata 150, wa kilo 15 anapata 225, wa kilo 20 anapata 300, wa kilo 30 anapata 450. Inapewa kila nyuma ya saa 6, na isipite mara 4 katika siku moja, mchana na usiku.

Ibuprofeni. Kipimo chake ni miligramu 10 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anapata 100, wa kilo 15 anapata 150, wa kilo 20 anapata 200, wa kilo 30 anapata 300. Inapewa kila nyuma ya saa 8, mara 3 kwa siku, pamoja na chakula. Usimpe mtoto wa chini ya miezi 3, wala mtoto anayeharisha ao kutapika na kukauka maji, wala mwenye ugonjwa wa figo ao kidonda cha tumbo, wala mwenye pumu ambaye dawa ya namna hii iliwahi kumfunga pumzi.

Sasa soma chupa. Siro zote hazina nguvu moja. Tuseme chupa ya parasetamoli inasema miligramu 125 ndani ya mililita 5. Mtoto wetu wa kilo 20 anahitaji miligramu 300, basi ni mililita 12. Yule aliyempa «kijiko kimoja» cha mililita 5 alimpa miligramu 125 tu, hata nusu haikufika. Kisha anasema: «Parasetamoli haina nguvu, nitafute dawa kali.» Dawa haikukosa nguvu, kipimo ndicho kilichokosa. Na vijiko vya nyumbani havilingani. Pima na kikombe kidogo kinachokuja pamoja na chupa, ao na bomba la sindano lisilo na sindano.

Kosa lingine ni kupita kipimo bila kujua. Dawa nyingi za mafua na homa zina parasetamoli ndani, zikiwa na majina tofauti juu ya karatasi. Ukitoa mbili pamoja, umetoa parasetamoli mara mbili, na ikizidi inaua maini. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, na ukishindwa, uulize mtu wa farmasi.

Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kupewa siku moja kwa mtoto mmoja, kwa kuwa hazifanyi kazi kwa njia moja. Lakini kila moja ifuate saa zake, na kila moja iandikwe.

Siku ya kwanza, mbele ya kwenda hospitali, mpe parasetamoli na maji kidogo ya kumezea. Usimpe bukari, chai wala embe lenyewe. Huenda wanganga watahitaji kumlaza ili wanyooshe mfupa, na tumbo lililojaa ni hatari kwa mtu anayelazwa. Ibuprofeni itafuata, wakati munganga atakaporuhusu chakula. Na usiogope kwamba dawa itamficha munganga ugonjwa. Mfupa uliovunjika unaonekana kwa mkono uliopinda na kwa radio, si kwa kilio cha mtoto.

DAWA KALI SI LAZIMA DAWA BORA

Watu wengine wanafikiri kwamba mfupa ni kitu kikubwa, basi dawa yake lazima iwe kali. Jambo hili lilichunguzwa. Mwaka 2009 wanganga wa Wisconsin, Marekani, walitangaza kazi waliyofanya na watoto waliovunjika mkono. Wengine walirudi nyumbani na ibuprofeni, wengine na parasetamoli iliyochanganywa na kodeini, ambayo ni ndugu ya morfini. Ibuprofeni ilituliza angalau sawa na ile nyingine. Zaidi ya hiyo, watoto wake walicheza na kula vizuri zaidi, na wachache kati yao walipata kichefuchefu. Mwaka 2014 wanganga wa Ontario, Kanada, walifanya vile vile na watoto 134, wakilinganisha ibuprofeni na morfini ya kunywa, nyumbani. Hawakuona tofauti ya maana katika maumivu, lakini wale wa morfini walitapika na kusinzia zaidi.

Basi mzazi anayetoa ibuprofeni ao parasetamoli kwa kipimo kizuri hatoi dawa ya masikini. Anatoa kile kile ambacho watoto wa inchi tajiri wanapewa.

Kuna dawa tatu ambazo hutampa mtoto wako kwa akili yako mwenyewe.

Kodeini: ini ndilo linaloigeuza kuwa morfini, na maini ya watu hayalingani. Kwa mtoto mmoja haifanyi kitu. Kwa mwingine inageuka upesi kupita kiasi, na pumzi inasimama usingizini. Maini ya namna hiyo ya upesi yalikutwa kwa watu wengi sana Ethiopia, hapa hapa Afrika. Tangu mwaka 2017 serikali ya Marekani inakataza kodeini kwa mtoto wa chini ya miaka 12.

Tramadoli: makatazo hayo ya mwaka 2017 yanaigusa nayo pia, kwa sababu ile ile ya pumzi. Vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja njiani visiingie kinywani mwa mtoto.

Aspirini: kwa mtoto mwenye homa ya virusi inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na maini. Tena inafanya damu isigande vizuri.

KULE HOSPITALI

Mfupa uliopinda lazima unyooshwe. Kunyoosha kunauma kuliko kuvunjika. Zamani watu wanne walimshika mtoto, wa tano akavuta. Leo kuna njia nyingine, na si vitu vya ajabu.

Njia moja ni kuchoma dawa ya ganzi, lidokaini, pale pale palipovunjika, na kungoja dakika 10 mbele ya kuvuta. Njia nyingine ni ketamini, dawa iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa kuelekea mwaka 1970, na ambayo inasaidia sana katika hospitali zisizo na vyombo vingi. Mtoto aliyepewa ketamini anaweza kubaki macho wazi, yakitikisika, kama mtu asiyeona. Mama, usiogope: hasikii maumivu, na mara nyingi hatakumbuka. Akiamka anaweza kuongea maneno ya ndoto. Mshike mkono, ongea naye polepole. Lakini dawa hiyo ni ya hospitali tu, ikiwa kuna mtu anayelinda pumzi yake mpaka aamke. Kwa maumivu makali sana munganga anaweza kutoa morfini. Kipimo kimoja ao viwili chini ya macho ya munganga havimfanyi mtoto kuwa mlevi wa dawa.

Mzazi ana neno la kusema. Uliza kwa heshima: «Munganga, mtoto atapata dawa gani ya maumivu mbele ya kunyoosha?» Swali hilo si matusi. Kazini tunauliza kama umeme umekatwa mbele ya kugusa waya, na hakuna anayekasirika. Mwambie munganga pia saa mtoto alipokula mwisho, dawa uliyompa, kipimo chake na saa yake.

Na ukae karibu naye. Usimwambie «haitauma» ikiwa itauma, maana kesho hatakuamini. Mwambie ukweli kwa maneno madogo: «Itauma kidogo, kisha dawa itafanya kazi, mimi niko hapa.» Mpe kazi ya kufanya: ahesabu, apulize pumzi kama anayezima mshumaa, asikilize hadithi ya sungura. Mtoto ambaye akili yake imepewa kazi anaumia kidogo kuliko yule anayeangalia sindano.

NYUMBANI, SIKU MBILI ZA KWANZA

Mtoto anarudi na platri, yaani ile bande nyeupe inayolowekwa majini na kukauka kuwa ngumu kama jiwe. Kazi ya platri ni ile ile ya nguzo za mgodi: inategemeza mpaka mwamba uwe tayari. Lakini siku 2 ao 3 za kwanza mkono unavimba, na ndizo siku za maumivu.

Siku hizo mbili za kwanza usingoje mtoto alie. Toa dawa kwa saa, siyo kwa kilio. Dawa inayokuja mbele ya maumivu inahitaji kidogo. Ile inayoyakimbiza nyuma inachelewa. Gawanya parasetamoli hivi: jua linapotoka, katikati ya mchana, jua linapotua, na katikati ya usiku. Andika kila kipimo juu ya karatasi ukutani, kama tunavyoandika katika daftari la zamu. Baba akirudi kutoka kazi ya usiku, asome karatasi na ajue mama alitoa nini na saa gani. Nyumba nyingi zimetoa dawa mara mbili kwa kukosa karatasi hiyo tu. Nyuma ya siku mbili, ukiona anacheza na kulala vizuri, toa tu akiuma.

Weka mkono juu ya mto, kupita kimo cha moyo, ili uvimbe ushuke. Mwambie achezeshe vidole mara nyingi. Platri isiingie maji, na fimbo isiingie ndani kwa kujikuna.

Sasa, mtoto mdogo anasemaje kiasi cha maumivu yake? Twaa vizibo vinne vya chupa. Mwambie: «Kimoja ni maumivu madogo. Vyote vinne ni maumivu makubwa kuliko yote. Nipe maumivu yako.» Mtoto wa miaka 4 ao 5 anaweza kuelewa. Wanganga wanatumia njia kama hii, na vipande vinne, tangu mwisho wa miaka ya 1970. Andika hesabu ya vizibo kando ya saa ya dawa. Hapo utaona kama maumivu yanashuka ao yanapanda. Na kwa yule asiyejua kusema bado, angalia uso, miguu inayopiga, namna anavyolia, na kama anakubali kubembelezwa.

MAUMIVU YANAYOPIGA KENGELE

Tusome sehemu hii polepole, na mama aisomewe ikiwa hasomi.

Misuli ya mkono imefungwa ndani ya ngozi ngumu za ndani zisizovutika. Uvimbe ukizidi ndani ya mifuko hiyo, ao platri na vijiti vikikaza kutoka inje, msukumo unapanda mpaka damu haipiti. Msuli usiopata damu unaanza kufa, na saa chache tu, karibu 6, zinatosha kuleta hasara isiyorudi. Richard von Volkmann, munganga wa Ujeremani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1881: alieleza vidole vinavyokunjamana kama kucha za ndege na kubaki hivyo, nyuma ya bande iliyokazwa mno. Mfupa ulipona. Mkono ndio uliokufa. Mtoto wa namna hiyo akikua, hatashika kalamu, jembe wala usukani.

Ni alama gani zinazotangulia? Kwa mtoto, ni tatu. Anahangaika bila kutulizika. Analia na kusumbua kupita jana. Na anahitaji dawa zaidi na zaidi, hata kama umempa kipimo kamili kwa saa yake. Juma la vizibo linapaswa kushuka: vitatu, viwili, kimoja. Ikiwa jana vilikuwa viwili na leo usiku ni vinne, nyuma ya dawa, hiyo ndiyo kengele.

Fanya jaribio moja: nyoosha vidole vyake polepole. Ikiwa anapiga kelele kwa hicho tu, ni alama mbaya. Angalia pia kama vidole vimevimba sana, vimekuwa baridi, vyeupe ao bluu, vina ganzi, ao hawezi kuvichezesha. Lakini usingoje vidole viwe baridi. Hizo ni alama za mwisho, na maumivu ni alama ya kwanza. Katika mgodi, tunapogonga mwamba wa juu na kusikia sauti tupu, tunatoka. Hatungoji jiwe lianguke ili tuamini.

Ukiona hivyo, usiongeze dawa na usingoje asubuhi. Rudi hospitali usiku huo huo. Mkono ubaki kimo cha moyo, si juu zaidi. Sema wazi mlangoni: «Mtoto ana platri, na maumivu yanapanda hata na dawa.» Wanganga watapasua platri mpaka kwenye ngozi, na ikihitajiwa watafungua mifuko ya misuli. Ikiwa mkono umefungwa na vijiti na vitambaa tu, vilegeze mara moja mbele hata ya kuondoka nyumbani.

Sasa unaelewa kwa nini kufunga vijiti kwa nguvu na kumwambia mtoto avumilie ni mambo mawili yanayokwenda vibaya pamoja. La kwanza linaleta hatari. La pili linafunga kinywa kinachoitangaza. Hatutukani wazee wetu; wengi wana mikono yenye akili na moyo wa kusaidia. Lakini mzee hana radio ya kuona mfupa, na hawezi kuona damu inavyozibwa chini ya kamba.

TURUDI LUBANZA

Basi turudi kwa mtoto wetu wa kilo 20. Baba amewaomba majirani wasogee. Gazeti limekunjwa chini ya mkono, kikwembe shingoni. Amemeza mililita 12 za parasetamoli na maji kidogo. Hospitalini mfupa umenyooshwa akiwa amelazwa. Usiku wa kwanza anatoa vizibo vitatu, usiku wa pili viwili, wa tatu kimoja. Nyuma ya juma moja anarudi kwa radio ya pili, kuona kama mfupa haukuteleza, na nyuma ya majuma 3 mpaka 6, kadiri ya mfupa, platri inatolewa. Kama usiku wa pili angetoa vizibo vinne, baba angekwisha kumbeba mgongoni na kwenda, hata kama mvua inanyesha.

TUKUMBUKE

1. Mfupa uliovunjika: zuia usicheze, usivute, usikande.
2. Ujue kilo za mtoto. Parasetamoli: miligramu 15 kwa kilo, kila saa 6, si zaidi ya mara 4. Ibuprofeni: miligramu 10 kwa kilo, kila saa 8, na chakula.
3. Hakuna kodeini, tramadoli wala aspirini.
4. Mbele ya kunyoosha mfupa, uliza juu ya dawa ya maumivu.
5. Siku mbili za kwanza, dawa kwa saa, na karatasi ukutani.
6. Maumivu yanayopanda nyuma ya dawa: hospitali, usiku huo huo.

Kata ukurasa huu, uubandike pale unapoweka kadi za watoto. Na jioni ya leo, mbele ya kulala, waulize watoto wako kilo zao. Ikiwa hakuna anayejua, kesho ni siku ya mzani.